Mapenzi ya kusaidiana ni kinga wakati wa ukata

UKATA unapobisha hodi nyumbani, wengi huhesabu kinachokosekana: kodi ya nyumba, karo ya watoto, deni la dukani. Ni wachache wanaokumbuka kuhesabu kinachopotea mwilini.

Mtu anapokuwa na hofu, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli ili kumwandaa kukabili hatari. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Deni, hata hivyo, halipiti kwa siku moja. Mtu hulala nalo na kuamka nalo. Hali hiyo ikidumu kwa miezi, usingizi huvurugika, kinga ya mwili hudhoofika na uwezekano wa kupata maradhi ya moyo huongezeka.

Mbona basi nyumba mbili zenye deni sawa haziumii sawa?

Sehemu ya jibu ilipatikana Iowa, jimbo la wakulima nchini Marekani. Katika miaka ya 1980, wakulima waliokopa kwa kuweka mashamba rehani walibanwa na riba kubwa huku bei ya ardhi ikiporomoka. Ekari iliyokuwa na thamani ya wastani wa zaidi ya dola 2,100 mwaka 1981 ilishuka hadi chini ya dola 800 mwaka 1986.

Kuanzia mwaka 1989, watafiti, wakiwamo Rand Conger na Glen Elder, walizifuatilia familia 451 za vijijini jimboni humo. Waliwahoji wanandoa na kuwarekodi kwa video wakijadili mambo yao.

Walibaini kuwa ukata hauvunji ndoa moja kwa moja. Kwanza huleta huzuni na hasira. Hasira huzaa maneno makali. Nayo maneno makali huitikisa ndoa.

Katika ripoti ya mwaka 1999, Conger na wenzake walieleza kuwa mnyororo huo unaweza kulegezwa mahali pawili. Kwa wanandoa waliosaidiana, dhiki ya fedha haikuwaletea msongo wa mawazo kwa kiwango kilichoonekana kwa wengine. Aidha, kwa waliojua kutatua matatizo pamoja, ugomvi haukuathiri sana ndoa zao.

Athari za maelewano huonekana hata kwenye ngozi. Mwaka 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa jimbo la Ohio walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanandoa 42 waliotiwa vijeraha vidogo mkononi. Uchunguzi huo haukuhusu fedha, lakini ulionyesha kuwa vijeraha vya wanandoa wenye uhasama mkubwa vilipona kwa takriban asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao wenye uhasama mdogo.

Msaada unaozungumzwa hapa hauhitaji fedha. Ni kumsikiliza mwenzako bila kumlaumu, kumweleza ukweli wa madeni kabla hajausikia kwa wadai, na kukaa pamoja kupanga kipi kilipwe kwanza na kipi kisubiri. Ni pia kutomdharau aliyepoteza kazi, kwani aibu humwelemea mtu kuliko hata njaa.

Ieleweke kuwa mapenzi hayalipi deni, wala hayachukui nafasi ya mshahara wa haki au ya daktari. Na ndoa ya vipigo na matusi si kinga. Kuvumilia mateso humwongezea mtu maradhi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakiwa na maana kuwa shida isiyokuwa yako huiona nyepesi. Nyumba inayotaka kuvuka kipindi cha ukata ikiwa na afya haina budi kuukana msemo huo: mzigo wa mmoja uwe mzito kwa wote wawili, ili wote wawili waubebe.