Nani Alitengeneza Daraja? Filamu za Zamani na Barabara Yetu



Katika muhula huu mwalimu wetu wa historia alituonyesha sisi wa darasa la sita vipande vya filamu za zamani. Aliwasha jenereta, akaweka kompyuta juu ya meza, nasi tukasongamana mbele yake. Wengine walitazamia vita au mpira. Kumbe ilikuwa reli, meli, barabara na madaraja ya nchi yetu, tangu zamani za Wabelgiji. Mmoja akanung'unika, "Barabara tu?" Lakini tulipotoka tulibishana mpaka saa ya chakula. Kwa hiyo tumeona vizuri kuwaeleza filamu hizi ni za namna gani, na mtu azitazame namna gani.

1. Zilitoka wapi?

Zamani za ukoloni, aliyelipa kwa ajili ya filamu alikuwa serikali au makampuni makubwa ya reli, ya meli na ya madini. Mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo aliitwa Ernest Genval. Alizunguka Kongo na mashine yake ya kupigia picha, na mwaka 1927 akatoa filamu ndefu iitwayo "Le Congo qui s'éveille", maana yake Kongo inayoamka. Nia ilikuwa kuwaonyesha watu wa Ubelgiji kwamba koloni lao linaendelea na fedha yao haipotei bure. Mwaka 1955 André Cauvin alitoa "Bwana Kitoko", filamu ya safari ya Mfalme Baudouin katika Kongo. Filamu nyingi za miaka ile zinatunzwa leo Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren na katika Cinematek ya Bruxelles iliyoanzishwa mwaka 1938.

Katika vipande tulivyoona, Fizi haimo, wala Baraka. Tuliuliza sababu, na mwalimu akatuambia tutazame ramani. Mpiga picha alipita mahali ambapo mizigo mikubwa ilipita. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Upande wetu, reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Katikati ni ziwa letu Tanganyika. Meli Liemba, ambayo wazee wetu wanaijua, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927. Basi mizigo ilipita juu ya maji kutoka reli moja mpaka nyingine, na sisi wa milima hii tukabaki pembeni.

2. Dakika tatu si miezi sita

Filamu si kitu kinachotembea. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazopita mbele ya taa upesi sana, hata jicho linadanganyika. Filamu yenye sauti hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Kwa dakika tatu ni picha 4.320. Tulifanya hesabu hiyo ubaoni.

Sasa, daraja la mto mkubwa linaweza kumaliza miezi mingi. Katika filamu linajengwa kwa dakika tatu. Unaona miti inaanguka, mara nguzo zimesimama, mara gari la mkubwa linapita na watu wanapiga makofi. Miezi mingine imekwenda wapi? Mtengeneza filamu ameikata kwa makasi. Hatusemi kwamba kukata ni vibaya, maana nani atakaa kutazama miezi sita? Lakini mtazamaji lazima ajue kwamba kuna kitu kimeondolewa, na ajiulize ni kitu gani.

Tuliona mambo matatu ambayo mara nyingi huondolewa: majina ya wafanyakazi, mateso ya kazi, na siku zinazofuata baada ya sherehe.

Juu ya mateso, tukumbuke kwamba sheria ya Wabelgiji ya mwaka 1933 iliruhusu kuwalazimisha watu wa vijiji kufanya kazi hadi siku 60 kwa mwaka, pamoja na mashamba ya lazima na kutengeneza barabara. Babu wa mwenzetu mmoja alimwambia kwamba alimwona baba yake akienda barabarani na jembe lake mwenyewe na mihogo yake mwenyewe. Katika filamu watu wanachimba kwa mstari, na sauti ya msemaji inasifu maendeleo. Haisemi kama walikuja kwa kupenda.

3. Si Wabelgiji peke yao

Mtu asifikiri kwamba ni wakoloni tu waliopenda kupiga picha siku ya sherehe. Wachina walitengeneza filamu za reli ya TAZARA, ile ya kilometa 1.860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye madaraja zaidi ya 300. Reli ile ilikuwa msaada mkubwa kweli kweli. Hata hivyo kila serikali inapenda picha ya siku njema.

Kwetu Kongo tuna mfano mkubwa wa Daraja la Matadi. Wajapani na Wakongomani walilijenga juu ya mto Kongo, urefu wake mita 722, likafunguliwa mwaka 1983. Siku ya kufungua daraja ndiyo siku ya wakubwa na bendera na kamera. Lakini sifa yake kubwa, kwa maoni yetu, ilikuja baadaye. Mafundi Wakongomani waliofundishwa na Wajapani waliendelea kulichunga, kupaka rangi ili kutu isile chuma na kuchunguza nyaya zake, hata katika miaka ya vita wakati msaada wa Wajapani ulipokuwa umekatika. Mpaka leo magari yanapita. Mtu anayepaka rangi kila mwaka hapigiwi makofi, lakini yeye ndiye anayelishikilia daraja.

4. Daraja tunalolijua sisi

Tuseme sasa juu ya barabara yetu wenyewe, ile ya taifa nambari 5, inayotoka Uvira kwa kufuata ziwa, ikipita Makobola na Mboko mpaka Baraka, kisha ikapanda Fizi na kuendelea upande wa Kalemie. Milima iko karibu, na mvua ikinyesha juu, mto mdogo unakuwa simba kwa saa moja. Wote tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulivyoharibu nyumba nyingi sana kule Uvira.

Madaraja mengi ya Kongo ni ya vyuma vya namna ya Bailey. Yaliitwa hivyo kwa jina la Mwingereza Donald Bailey, aliyeyabuni wakati wa vita kuu ya pili. Akili yake ni rahisi. Kila kipande cha ubavuni kina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi, yaani watu sita wanaweza kukibeba bila mashine. Vipande vinaunganishwa kwa pini, kisha daraja linasukumwa juu ya magurudumu mpaka ng'ambo. Juu yake mara nyingi wanatandika mbao. Chuma kinaweza kudumu miaka mingi, lakini ubao unaoza, pini inatoka, na maji yanakula udongo chini ya miguu ya daraja. Kwa hiyo daraja linakufa kwanza pale mbao zinapooza na pale mfereji unapoziba. Hata ile baryeri ya mvua, ambayo mashofa wanaichukia, ina sababu: kamio nzito ikipita juu ya udongo uliolowa, inaiua barabara kwa siku moja.

Masika iliyopita, sisi wanne tulikuwa juu ya kamio ya mihogo na ndagala tukirudi shuleni. Tulikuta mbao tatu zimetoka darajani. Kamio ilisimama. Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja mgonjwa sana juu ya pikipiki. Watu walimshusha, kijana mmoja akambeba mgongoni, akamvusha hatua kwa hatua juu ya chuma kitupu, na mto unanguruma chini. Hakuna aliyesema neno mpaka walipofika ng'ambo.

Kisha wanaume watatu wa kijiji cha karibu walikuja na shoka, wakachonga mti, wakanyoosha misumari ya zamani kwa jiwe, wakapigilia. Jioni tulipita. Shofa aliwapa kitu kidogo, sisi tukapunga mikono.

Tulipoona zile filamu, jambo hilo liliturudia. Tulikuwa tumeanza kuwalaumu wapiga picha wa zamani kwa kutoandika majina ya wafanyakazi. Basi mwenzetu mmoja akauliza, "Na sisi, wale watatu wanaitwa nani?" Tukanyamaza wote.

5. Filamu nayo inaoza

Filamu na daraja vina adui mmoja. Filamu za kwanza zilifanywa kwa kitu kinachoitwa nitrati, kinachoshika moto upesi na kuendelea kuwaka hata ndani ya maji. Kiliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Filamu zilizofuata haziwaki hivyo, lakini zikikaa mahali penye joto na unyevu zinaanza kunuka kama siki, zinajikunja na picha zinapotea. Ndiyo sababu wanaozitunza huziweka mahali pa baridi na pakavu, na siku hizi wanazinakili kwenye kompyuta. Nazo pia zinaishi kwa kutunzwa kila siku.

Lakini kumbukumbu za wazee wetu hakuna anayeziweka mahali pa baridi. Mzee aliyekuwa kantonye, aliyezibua mifereji ya barabara kwa jembe lake, akifa leo, hakuna filamu itakayotuambia alifanya nini.

6. Ombi letu

Likizo inakaribia. Tunaomba kila mwanafunzi, akifika kwao, achague daraja moja au kivuko kimoja, aulize wazee mambo manne na kuyaandika: Lilijengwa lini? Nani walifanya kazi? Lilivunjika mara ngapi na kwa sababu gani? Nani walilitengeneza tena? Andikeni majina, na kabla ya kuandika jina la mtu mwombeni ruhusa. Asiyejua mwaka aandike tukio ambalo wazee wanalikumbuka. Tumetayarisha daftari moja katika maktaba, na mwalimu wa historia amekubali kulitunza.

Wadogo zetu wa darasa la kwanza wasiogope kwamba hawajui kuandika vizuri. Kurasa mbili zatosha.

Na siku ya salongo, tukitumwa kuzibua mfereji mbele ya shule, tusijifiche nyuma ya madarasa. Ukurasa wa kwanza wa daftari tumeuacha wazi kwa ajili ya wale watu watatu. Wawili wetu watapita njia ile wakienda kwao, nao wameahidi kushuka na kuuliza majina.

Kiongozi wa wanafunzi, kwa niaba ya darasa la sita