Kucha huonesha maradhi, rangi huyaficha

WAFANYAKAZI wa saluni wana nafasi ambayo hata daktari hana. Daktari huziona kucha za mgonjwa mara chache, tena akiwa na jambo jingine la kuuliza, ilhali binti wa saluni, au yule kijana anayezunguka mitaa ya Kariakoo na kikapu cha chupa za rangi, hushika mikono na miguu ya watu kutwa nzima. Lakini kazi anayolipwa ni kupaka, na rangi hufunika kila kitu, pamoja na kile kilichopaswa kuonekana.

Kucha yenyewe ni kitu kilichokufa. Sehemu ngumu tunayoikata na kuipaka rangi imeundwa kwa keratini, aina ya protini inayounda pia nywele na pembe za wanyama. Haina damu wala mishipa ya fahamu, ndiyo maana haiumi inapokatwa. Uhai wake umejificha chini ya ngozi, kwenye shina linalozalisha chembe mpya na kuzisukuma mbele. Ule mwezi mweupe unaoonekana vizuri zaidi kwenye kidole gumba ni sehemu ya mbele ya shina hilo. Shina likijeruhiwa, kucha huota ikiwa na kasoro, na wakati mwingine kasoro hiyo haiondoki tena.

Mlinzi wa shina ni kile kigozi chembamba kilichoganda juu ya kucha pale inapotokeza. Wateja wengi hukiona kuwa ni uchafu na hutaka kikatwe, na mpakaji asiyekikata huonekana hajui kazi. Kumbe kigozi hicho ni kizibo kinachozuia maji na vijidudu visipenye baina ya kucha na ngozi. Kikikatwa kwa mkasi au wembe, mlango umefunguliwa: kidole huvimba, hutunga usaha na kupwita, maradhi ambayo wengi huyaita mdudu wa kidole. Kukilowesha kwa maji ya uvuguvugu na kukisukuma nyuma taratibu kunatosha kabisa.

Kucha za mikono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi; za miguu huenda polepole zaidi. Kwa hiyo kucha ya mkono huhitaji miezi kama 6 kujibadilisha yote, na ya dole gumba la mguu huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Daktari mmoja wa Marekani, William Bean, aliipima kucha ya kidole gumba chake kwa miaka 35. Alipokuwa na umri wa miaka 32 ilikua milimita 0.123 kwa siku. Alipofika miaka 67 ilikuwa imeshuka hadi milimita 0.095.

Kwa sababu hukua kwa mwendo unaojulikana, kucha hutunza kumbukumbu. Mtu akiugua homa kali, shina hupunguza kazi kwa muda na kuacha mfereji unaokatiza kucha kwa upana, jambo lililoelezwa na tabibu Mfaransa Joseph Beau mwaka 1846. Mfereji ulio milimita 6 kutoka shinani unasimulia maradhi ya miezi miwili hivi iliyopita. Hauna haja ya kusuguliwa kwa msasa. Utasogea mbele na kukatwa siku yake ikifika. Vidoa vyeupe navyo, ambavyo watu hudai ni ukosefu wa madini ya kalsiamu, mara nyingi hutokana na kujigonga tu. Kucha iliyobonyea mfano wa kijiko ni habari nyingine, kwani huweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma mwilini.

Fangasi huifanya kucha kuwa nene, ya manjano na yenye kumeguka, na hupenda zaidi miguu. Dawa yake huchukua muda mrefu, kwani kucha mbovu hairudi kuwa nzima, bali husubiriwa isukumwe nje na mpya. Hata hivyo, si kila kucha nene ina fangasi. Ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi hufanana nao sana, hivyo si kazi ya saluni kuuza dawa kwa kukisia. Rangi ya kijani chini ya kucha ya bandia hutokana na bakteria waliopata unyevu ulionaswa humo. Kubandika nyingine juu yake ni kuwafungia ndani.

Alama inayostahili kuogopwa kuliko zote ni weusi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, michirizi myeusi ya urefu katika kucha kadhaa ni jambo la kawaida na kwa kawaida haina madhara. Mashaka huanza pale mchirizi mmoja tu unapojitokeza ukubwani, unapopanuka, au weusi unapomwagikia ngozi inayozunguka kucha. Hiyo huweza kuwa saratani ya ngozi. Mwanamuziki Bob Marley alikuwa na kidonda kwenye dole la mguu kilichodhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 ikabainika ni saratani ya aina hiyo, iliyoanzia chini ya kucha. Alifariki Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Damu iliyovilia baada ya kujigonga husogea mbele pamoja na kucha na kuacha sehemu safi nyuma yake. Doa lisilosogea lipelekwe kwa daktari.

Mwaka 2000, katika mji wa Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walipata majipu sugu miguuni. Wachunguzi walikuta bakteria kwenye mabeseni ya umeme ya kuoshea miguu, nyuma ya vichujio vilivyojaa nywele na mabaki ya ngozi. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Beseni la plastiki halina kichujio, lakini maji yake hutumika kwa wangapi kabla ya kumwagwa? Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na mkasi uliotoa damu hausafishwi kwa kupangusiwa kitambaa. Huoshwa kwanza kwa sabuni na brashi, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu, ndipo utiwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake. Wembe ni wa mteja mmoja, kisha hutupwa.

Mteja mwenye alama ya kutilia shaka aambiwe faraghani, bila kutajiwa jina la ugonjwa, na kucha hiyo iachwe bila rangi ili daktari atakapoitazama aione.