Usajili wa RAM: Bei chee isikufungishe dakika za majeruhi

ISSENYE, Serengeti. Dakika ya 89, ubao unasoma 1-1. Straika amebaki yeye na kipa, kidole kipo kwenye pedi, halafu kioo chote kinageuka bluu. Kompyuta imezima. Hapo hakuna refa wa kuongeza dakika.

Kwa kijana wa Issenye anayechezesha gemu za kabumbu kwa malipo ya kila mechi, hilo si la kucheka. Mechi ikikatika, wateja wanadai hela yao na kesho wanahamia kwa jirani. Lawama hupewa gemu au umeme, wakati mwingine kumbe mchawi ni RAM, memori ambamo kompyuta huweka kila inachokifanyia kazi kwa wakati huo. Hatari huongezeka pale mwenye mashine anapoamua kuikimbiza kupita kasi ya kiwandani ili picha zisikwamekwame.

Na usajili wenyewe umekuwa mgumu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa duniani, viwanda vikielekeza chipu kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Desemba 2025, Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Mwenye mfuko mdogo lazima asajili kwa akili.

Kwanza ni ukubwa. EA Sports FC 25 inataka angalau GB 8 na inapendekeza GB 12. Hivyo GB 16 inatosha kabisa. GB 32 kwa ajili ya gemu hiyo pekee ni kusajili makipa wanne. Zinunuliwe mbili za GB 8 zinazofanana, si moja ya GB 16. Mbili hupitisha data kwa njia mbili, kama timu yenye winga kulia na kushoto. Ukichanganya ya kasi na ya polepole, zote hufuata mwendo wa ile ya polepole.

Pili ni kasi, na hapa ndipo wengi wanapigwa. DDR4 ya 3600 yenye CL18 huonekana staa mbele ya 3200 yenye CL16. Lakini CL ni idadi ya mapigo ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu, na ukipiga hesabu zote mbili husubiri muda uleule: sehemu 10 za bilioni za sekunde. Ya 3600 hupitisha data nyingi zaidi, ila kama tofauti ya bei ni kubwa, chukua 3200 CL16. Ya kukimbia ni 3200 CL22, maana hiyo husubiri karibu sehemu 14.

Tatu, angalia madabodi kabla ya kutoa hela. Tundu la DDR4 halipokei DDR3 wala DDR5. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini hazikubali kukimbizwa, hivyo RAM ya kasi kubwa humo ni straika wa bei mbaya anayekaa benchi. Hata madabodi inayokubali, lazima uingie BIOS na kuwasha XMP, la sivyo RAM ya 3200 inaweza kutembea kwa 2133 au 2400 tu.

Mwisho ni majaribio. Programu ya MemTest86 inapatikana bure. Iachwe ikimbie usiku kucha. Kosa likitokea hata moja, punguza kasi na upime tena. Likijirudia kwenye kasi ya kawaida, RAM ni mbovu, irudishwe dukani. Kwa hiyo risiti itunzwe na dhamana iulizwe mapema, maana kutoka Issenye kwenda Musoma au Mwanza na kurudi ni nauli na siku nzima ya biashara.

Mashabiki wa Mara wanakumbuka Oktoba 2021. Biashara United waliichapa Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, kisha wakatolewa kwa kushindwa kusafiri kwenda Libya. Mechi hupotea hata kabla ya filimbi, kwa sababu ya maandalizi tu.