Saa sita, angalia ndoo kwanza

Saa sita ikifika, wafanyakazi wa Mususa, komini moja ya muji wa Butembo, wanatafuta chakula karibu na kazi. Wamama wa restora wanatoa bugali, sombe, maharagi na samaki. Karibu yao kuna nganda za kasiksi, pombe ya ndizi. Wengi wanauliza bei tu.

Lakini tukumbuke Ebola. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa inchi yetu. Butembo na Beni ziliumia sana. Mwaka 2021 ilirudi tena. Siku zile ndoo yenye robine, maji na klore ilisimama mbele ya milango mingi.

Ebola hupita katika majimaji ya mwili wa mugonjwa. Kipindupindu na tifoide hupita katika maji na chakula kichafu. Yote hupenda mikono isiyonawa.

Basi vijana munaotoka machimboni, mbele ya kuuliza bei, angalieni ndoo. Ikiwa kavu, mwambieni mama kwa heshima. Nawe mama, sabuni si hasara: inalinda wateja na watoto wako.