SATARANJI: SULUHU SI AIBU

Hapa kwetu Ngara na Biharamulo wazee hucheza bao, na mchezo hauishi mpaka mmoja wao amekosa kete ya kuchezea. Sataranji ni mchezo wa namna nyingine. Ubao wake una vyumba 64, na kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, maaskofu, farasi, ngome na askari. Katika mchezo huu wawili waweza kupatana suluhu, kila mmoja akapewa nusu pointi. Vijana wengi hudhani suluhu ni kazi ya waoga. Basi, wasikilize habari hii.

Mwaka 1561 padre wa Hispania, jina lake Ruy López, alitoa kitabu cha sataranji. Hata leo namna moja ya kuanza mchezo huitwa kwa jina lake. Mweupe husogeza askari wa mfalme vyumba viwili, na mweusi vivyo hivyo. Mweupe hutoa farasi kumtisha askari yule. Mweusi hutoa farasi wake kumlinda. Ndipo askofu wa mweupe hutoka kumkabili huyo mlinzi.

Ndivyo alivyoanza Garry Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985, alipopambana na Vladimir Kramnik mjini London, Oktoba 2000. Kramnik alijibu kwa ulinzi wa zamani uitwao wa Berlin: akatoa farasi wa pili kumshambulia askari wa Kasparov. Kufika hatua ya nane malkia wote wawili walikuwa wameondoka ubaoni, na mfalme wa Kramnik amepoteza haki ya kujificha pembeni karibu na ngome. Kwa kutazama tu, ungesema yu taabani. Lakini pasipo malkia, Kasparov hakupata njia ya kumfikia. Baada ya hatua 25 wakapatana suluhu.

Kasparov alirudi kuugonga ukuta huo mara tatu tena. Kila mara ikawa suluhu. Kramnik akashinda michezo miwili mingine, hakushindwa hata mmoja, akatwaa ubingwa kwa pointi 8.5 kwa 6.5.

Ndugu wasomaji, wangapi kati yetu wameuza ng'ombe ili kushinda kesi ya mpaka wa shamba la migomba, na kipande chenyewe hakifikii thamani ya ng'ombe huyo? Mzee anapowaita barazani mpatane, nendeni. Anayekubali suluhu kwa wakati wake hurudi nyumbani na mali yake, na jirani yake pia.