Je, Wajua? Mbio za kusaka namba tasa

Je, wajua kwamba kujua kama 997 ni namba tasa hakuhitaji kuigawa kwa kila namba iliyo chini yake? Kipeuo chake cha pili ni 31 na ushei, kwa hiyo jaribu namba tasa kuanzia 2 hadi 31 tu. Hapo umegawa mara 11 badala ya 995.

Je, wajua kwamba kuna njia isiyogawa chochote? Ni chekeche la Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Orodhesha namba kuanzia 2, futa vigawe vya kila namba tasa unayoikuta. Zinazobaki zote ni tasa.

Je, wajua kwamba vigawe vya 7 huanza kufutwa kwenye 49? 14, 21, 28, 35 na 42 zimekwisha kuondoka na 2, 3 na 5. Ukifika 100, ukishafuta vya 7 umemaliza: zimebaki namba tasa 25.

Je, wajua kwamba 2 ndiyo shufwa pekee iliyo tasa? Iweke kando, uanze na witiri tupu, na orodha imepungua nusu.

Je, wajua kwamba katika kila namba 30 mfululizo, ni 8 tu zisizogawanyika kwa 2, 3 wala 5? Baiti moja ina biti 8, basi namba 30 zinaenea humo. Orodha ya hadi bilioni moja, ambayo ingekula gigabaiti nzima kwa baiti moja kila namba, inatosha kwenye megabaiti 34.

Je, wajua kwamba hata hizo 34 ni nyingi? Kache iliyo karibu kabisa na prosesa mara nyingi ina kilobaiti 32 hivi. Orodha ikizidi hapo, prosesa hukaa ikisubiri data kutoka mbali. Dawa yake ni kuchekecha kipande kwa kipande.

Je, wajua kwamba mwaka 2004 Atkin na Bernstein walichapisha chekeche lenye hatua chache zaidi kinadharia? Hata hivyo primesieve, programu maarufu kwa kasi yake, bado inatumia la Eratosthenes.

Je, wajua namna ya kuikagua programu yako kabla ya kujisifia kasi? Iambie ihesabu namba tasa zilizo chini ya 1,000,000. Isipojibu 78,498, irudishe karakana.