Shabiki na Timu Isiyoshinda: Chicago Cubs na Uaminifu wa Miaka 108

Utangulizi

Ni desturi ya wanadamu kumfuata mshindi. Mwanasiasa anayeelekea kushinda hupata wafuasi, na timu inayonyakua vikombe haikosi mashabiki. Jambo hilo halihitaji ufafanuzi. Linalohitaji ufafanuzi ni kinyume chake: ni kitu gani humfanya mtu aipende timu inayoshindwa mwaka baada ya mwaka, awarithishe wanawe mapenzi hayo, na hatimaye afe bila ya kuiona ikitwaa taji? Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuirejelea timu ya besiboli ya Chicago Cubs ya Marekani, iliyotwaa ubingwa mwaka wa 1908 na isiupate tena hadi mwaka wa 2016.

Huenda msomaji akauliza besiboli ina uhusiano gani na mwanafunzi wa Kiswahili. Uhusiano upo. Katika muda huo wa miaka 108, mashabiki wa Cubs walijiundia visasili, lakabu, misemo na miviga yao wenyewe. Aliyezoea kuichunguza fasihi simulizi atayakuta hapa mambo anayoyafahamu katika mazingira asiyoyafahamu. Hoja yetu ni kwamba uaminifu wa mashabiki hao haukutegemea matumaini ya ushindi pekee. Ulishikiliwa na hulka ya mchezo wenyewe, na mahali, na zaidi ya yote na masimulizi. Aidha, tutaonyesha kwamba uaminifu huo ulikuwa na gharama, na kwamba wakati mwingine gharama hiyo ilitozwa asiyestahili kuilipa.

Mchezo Usiofungwa na Saa

Kwanza yafaa tuueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Katika besiboli, timu mbili hupokezana zamu za kupiga na za kudaka. Mrushaji humrushia mpigaji mpira. Mpigaji akifanikiwa kuupiga, hukimbia akizunguka vituo vinne, na akirejea alikoanzia huwa ameipatia timu yake pointi moja. Timu inayopiga huendelea hadi wachezaji wake watatu watolewe, kisha zamu huwaendea wapinzani. Mchezo huwa na vipindi 9 vya namna hiyo. Timu zikiwa sare, huongezwa vipindi vingine.

Mambo mawili katika utaratibu huo humsaidia shabiki wa timu dhaifu. La kwanza ni kwamba hakuna saa inayoumaliza mchezo. Katika kandanda, timu iliyofungwa mabao matano kufikia dakika ya 89 imekwisha kushindwa, hata kama kipenga hakijapulizwa. Katika besiboli sivyo. Maadamu mchezaji wa mwisho hajatolewa, timu iliyo nyuma kwa pointi kumi ina haki ya kuzitafuta zote kumi. Ile saa iliyoanzishwa mwaka wa 2023 humharakisha mrushaji na mpigaji tu, haiukatishi mchezo. Kwa hivyo, matumaini ya shabiki si ujinga, bali yamo ndani ya kanuni zenyewe.

La pili ni wingi wa mechi. Kila timu hucheza mechi 162 katika muda wa takriban miezi sita, yaani karibu kila siku. Mwaka wa 1962 Cubs walishindwa mara 103, idadi ambayo ni aibu kubwa. Hata hivyo, mwaka huo huo walishinda mara 59. Shabiki wao alilala njaa siku nyingi, lakini hakukosa kabisa tonge la kumpa nguvu ya kuamka kesho yake. Mazoea hayo ya kila siku humfanya mtu aihesabu timu miongoni mwa jamaa zake, na jamaa haachwi kwa kuwa ameshindwa.

Mahali

Uwanja wa Wrigley Field ulifunguliwa mwaka wa 1914, na Cubs wakauhamia mwaka wa 1916. Umezungukwa na nyumba za watu, na ukuta wake wa matofali ulipandwa mmea utambaao mwaka wa 1937, hivi kwamba msimu wa kiangazi ukuta mzima huwa wa kijani kibichi. Kwa miaka mingi Cubs walicheza nyumbani wakati wa mchana tu, kwani uwanja haukuwekwa taa hadi mwezi wa Agosti mwaka wa 1988. Hapana shaka kwamba mtoto aliyetoka shule alasiri, akaikuta mechi ingali inaendelea, aliufungamanisha mchezo huo na utoto wake.

Upo pia mviga wa bendera. Mechi ikiisha, bendera hupandishwa juu ya ubao wa matokeo: nyeupe yenye herufi ya W ikiwa Cubs wameshinda, na ya samawati yenye herufi ya L ikiwa wameshindwa. Mtu aliyepita kwa garimoshi akitoka kazini aliinua macho na kujua yaliyojiri. Inafaa kuzingatia kwamba bendera ya kushindwa haikufichwa. Ilipandishwa kwa utaratibu ule ule wa bendera ya ushindi, na mitaa iliyouzunguka uwanja ikajifunza kuzisoma zote mbili.

Kisasili cha Mbuzi

Pale ambapo kushindwa kumezidi kipimo, watu hutafuta maelezo. Tarehe 6 Oktoba 1945, Cubs walikuwa wakicheza mechi ya nne ya fainali dhidi ya Detroit Tigers, nao walikuwa mbele kwa mechi mbili kwa moja. Billy Sianis, mhamiaji kutoka Ugiriki aliyekuwa na baa mjini Chicago, alifika uwanjani na mbuzi wake. Masimulizi hutofautiana: wako wasemao kwamba alizuiwa mlangoni, na wako wasemao kwamba aliingia kisha akatolewa kwa sababu ya harufu ya mnyama huyo. Yote hukutana mwishoni: Sianis alikasirika akailaani timu. Cubs walishindwa katika fainali hiyo, na hawakuingia katika fainali nyingine kwa miaka 71.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa sifa zote za kisasili: tukio moja, matoleo mengi, na kazi ya kueleza hali iliyowashinda watu kueleza. Kila balaa iliyofuata ilipata mahali pake katika masimulizi hayo. Mwaka wa 1969 Cubs waliongoza kwa muda mrefu wa msimu. Mwezi wa Septemba, walipokuwa wakicheza New York, paka mweusi alipita mbele ya wachezaji wao, na muda si muda New York Mets wakawapita. Mwaka wa 1984 jamaa ya Sianis aliruhusiwa kuingia na mbuzi uwanjani ili laana iondolewe. Mwaka huo Cubs walishinda mechi mbili za kwanza dhidi ya San Diego Padres, wakahitaji moja tu ili kufika fainali, wakashindwa zote tatu zilizosalia.

Je, watu waliamini kwa dhati kwamba mbuzi ndiye aliyewafunga? Wachache huenda waliamini. Lakini faida ya kisasili haikuwa katika ukweli wake. Kushindwa kusikokuwa na sababu ni aibu tupu, ilhali kushindwa kwenye hadithi ni jambo ambalo babu anaweza kumsimulia mjukuu. Kisasili kiliwapa mashabiki lugha ya kuzungumzia maumivu yao kwa kicheko. Ndipo pia ikazuka lakabu ya timu, washinde wapendwao, na msemo wa kungoja mwaka ujao, ambao mashabiki wa timu nyingine pia walikuwa nao.

Gharama ya Uaminifu

Hata hivyo, kisasili kina hatari zake. Hatari ya kwanza ni kwamba humwondolea lawama anayestahili kulaumiwa. Si mbuzi aliyeamua kwamba, kuanzia msimu wa 1961, timu haihitaji kocha mkuu bali makocha kadhaa wa kupokezana uongozi. Uamuzi huo ulikuwa wa mwenye timu, Philip Wrigley. Si mbuzi aliyemtoa Lou Brock mwaka wa 1964 na kumpeleka St. Louis Cardinals, timu iliyotwaa ubingwa mwaka huo huo akiwemo. Hayo yalikuwa makosa ya watu wenye majina na ofisi.

Zaidi ya hayo, uaminifu wenyewe waweza kuwa mto wa kulalia uongozi. Mwaka wa 2006 Cubs walishindwa mara 96, lakini watu zaidi ya milioni 3 walilipa kuingia Wrigley Field. Mwenye timu ana haja gani ya kujitahidi ikiwa viti vitajaa hata hivyo? Swali hili ni chungu kwa shabiki, kwani linamwambia kwamba mapenzi yake ni sehemu ya ugonjwa anaoulilia.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2003, Cubs walikuwa mbele kwa pointi 3 kwa 0 dhidi ya Florida Marlins katika kipindi cha nane, wakibakisha wachezaji watano tu wa kutolewa ili waingie fainali. Mpira ulipigwa juu ukaelekea kwenye ukingo wa viti. Watazamaji kadhaa waliunyoshea mikono, kama afanyavyo mtazamaji yeyote, na mmoja wao akaugusa kabla ya mchezaji wa Cubs kuudaka. Baada ya hapo mchezaji mwingine wa Cubs alishindwa kuudhibiti mpira uliomjia, na Marlins wakapata pointi 8 katika kipindi hicho kimoja. Kesho yake Cubs walishindwa tena wakaondolewa.

Mtazamaji yule alitupiwa vitu na matusi, akatolewa uwanjani chini ya ulinzi, na kwa miaka mingi akaishi akijificha macho ya watu. Mwezi wa Februari mwaka wa 2004 mpira wenyewe ulilipuliwa hadharani. Hapa ndipo mbuzi wa hadithi alipogeuka kuwa mbuzi wa kafara kwa maana kamili. Hadithi iliyokuwa ikiwafariji mashabiki ilidai mtu wa kubebeshwa mzigo, na aliyebebeshwa hakuwa adui, bali shabiki mwaminifu kama wao. Anayeusifu uaminifu bila ya kulitaja tukio hili amesimulia nusu ya kisa.

Ushindi na Wafu

Mwaka wa 2011 Cubs walimwajiri Theo Epstein, aliyekuwa kiongozi wa Boston Red Sox timu hiyo ilipotwaa ubingwa mwaka wa 2004 baada ya miaka 86. Epstein alianza kwa kuibomoa timu ili aijenge upya kwa vijana. Mwaka wa 2012 Cubs walishindwa mara 101. Mwaka wa 2016 walifika fainali dhidi ya Cleveland, wakawa nyuma kwa mechi tatu kwa moja, kisha wakasawazisha. Katika mechi ya saba, usiku wa tarehe 2 Novemba, Cleveland walisawazisha pointi katika kipindi cha nane. Vipindi 9 vilipokwisha timu zikiwa sare 6 kwa 6, mvua ilinyesha na mchezo ukasimamishwa kwa dakika 17. Waliporejea, Cubs walishinda 8 kwa 7 katika kipindi cha 10.

Yaliyofuata ndiyo yanayolijibu swali letu la awali. Watu walimiminika Wrigley Field wakiwa na chaki, wakaandika kwenye kuta za matofali majina ya wazazi, mababu na marafiki waliokufa wakingoja. Mwanamume mmoja alikuwa ameendesha gari safari ndefu, akaketi kando ya kaburi la babake na kuisikiliza mechi ile ya mwisho, kwa kuwa waliahidiana kwamba Cubs wakifika fainali wangesikiliza pamoja. Wengi walimkumbuka Ernie Banks, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuichezea Cubs, aliyeitumikia timu hiyo kwa misimu 19 na kupiga mipira 512 ya kuvuka ukuta, lakini hakuwahi kucheza katika fainali hata moja. Kauli yake maarufu ilikuwa kwamba siku ni njema mno, basi na zichezwe mechi mbili. Alifariki Januari 2015, miezi 21 kabla ya ushindi.

Majina yale ya chaki yanaonyesha kwamba timu haikuwa timu tu. Ilikuwa mahali ambapo baba na mwana wasiokuwa na mazoea ya kuelezana mapenzi yao waliweza kuketi saa tatu wakizungumza. Ushindi uliporudi, walio hai hawakusema kwanza kwamba wameshinda. Walisema kwamba fulani angaliona hili.

Hitimisho

Uongozi wa Cubs ulimpa yule mtazamaji wa mwaka wa 2003 pete ya ubingwa mwaka wa 2017. Lilikuwa tendo la toba, ingawa halikuweza kumrudishia miaka yake. Nao mashujaa wa mwaka wa 2016 hawakudumu: mwezi wa Julai mwaka wa 2021 Anthony Rizzo, Kris Bryant na Javier Báez waliuzwa kwa timu nyingine katika muda wa siku mbili. Uwanja haukuhama, na bendera mbili zikaendelea kupandishwa kwa zamu.

Tumeona, basi, kwamba shabiki wa timu isiyoshinda si mtu asiyejua kuhesabu. Anajua idadi ya mechi zilizopotea kuliko mtu yeyote. Anachokitunza si taji, bali mazungumzo yaliyoanzishwa na waliomtangulia, ambayo akiyaacha yatakatika mikononi mwake. Uaminifu wa namna hiyo ni mwema mradi usimpe mwenye mali kisingizio cha uvivu, wala usimtafute mnyonge wa kumtwika makosa ya wakubwa. Kwetu sisi tunaoichunguza fasihi simulizi, funzo ni kwamba visasili vinazaliwa hata leo, mchana kweupe, mbele ya maelfu ya watu. Tuvichunguze vinavyofariji, tuvichunguze pia vinavyojeruhi.